Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kadi, Jino na Mji wa Greensboro

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlioko hapa Greensboro, jimbo la North Carolina, Marekani, na mliohamia mji jirani wa High Point mwaka huu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Misiba miwili tuliyochangiana na harusi moja mnazijua, na darasa la Kiswahili la watoto linaendelea vizuri. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: haki ya kupata mkalimani hospitalini.

Katika mkutano wa Januari mama mmoja alisimama akatueleza yaliyompata kliniki. Alikwenda na bintiye wa miaka kumi, na mtoto yule ndiye aliyefanywa mkalimani. Daktari alizungumzia uvimbe kwenye kizazi. Mtoto neno hilo hakulijua, akasema “tumbo”. Mama akarudi nyumbani akiamini ana vidonda vya tumbo, akaacha pilipili kwa miezi miwili huku uvimbe ukikua. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kisha mzee wetu mmoja akasema tusidai makubwa, sisi ni wageni, tushukuru tumepokelewa.

Namheshimu sana mzee wangu, lakini hapo sikukubaliana naye, na kamati nayo haikukubali. Ndiyo maana tukaamua kwanza tuujue mji huu: nani aliudai, na alidai nini.

Februari tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Elm Street, lililokuwa duka la Woolworth. Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne wa mwaka wa kwanza wa chuo cha A&T, Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, walinunua vitu vidogo dukani humo na pesa yao ikapokelewa. Walipokaa kwenye kaunta ya chakula wakanyimwa huduma, kwa kuwa ni weusi. Hawakuinuka mpaka duka lilipofungwa. Siku zilizofuata wakaja wengine, wakiwemo wasichana wa chuo cha Bennett, na kabla ya wiki kwisha waliojitokeza walikuwa mamia. Vyuo vilipofungwa kwa likizo, wale wa sekondari ya Dudley wakaushika mgomo. Kaunta ilifunguliwa kwa wote tarehe 25 Julai, na wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wafanyakazi weusi wa duka lenyewe. Geneva Tisdale aliagiza sandwichi ya mayai, ambayo alikuwa ameiandaa kwa mikono yake. Kina mama wetu wanaofanya kazi jikoni mahotelini walisimama mbele ya kaunta ile kwa muda mrefu.

Lakini kilichonigusa mimi zaidi ni habari ya jino. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa A&T alifika kwa daktari wa meno George Simkins akiwa na jipu kwenye gego. Hospitali ya weusi ilikuwa imejaa. Hospitali ya Wesley Long haikupokea weusi kabisa. Ile ya Moses Cone ilipokea wachache tu, kwa masharti. Zote mbili zilijengwa kwa msaada wa fedha za serikali kuu, yaani kodi ya kila mtu, na sheria ya wakati huo iliruhusu ubaguzi huo. Simkins hakuwa mgeni wa mapambano: mwaka 1955 alikamatwa pamoja na wenzake watano kwa kucheza gofu kwenye uwanja wa Gillespie Park, uliotengewa wazungu. Sasa yeye na madaktari wenzake pamoja na wagonjwa wawili wakafungua kesi. Walishindwa, wakakata rufaa, na Novemba 1963 wakashinda. Mwaka uliofuata Sheria ya Haki za Kiraia ikakataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa rangi, asili au taifa alikotoka. Kifungu hicho hicho, ndugu zangu, ndicho kinachotupa haki ya mkalimani bila malipo.

Kwa hiyo tulipoiandikia ile kliniki hatukuomba hisani. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili, iliyotaja sheria, ilijibiwa, na siku hizi wanapiga simu kwa mkalimani. Mama yule ameelezwa ugonjwa wake kwa Kiswahili na amefanyiwa upasuaji. Anaendelea vema, na amenipa ruhusa niwaambie.

Tumechapisha kadi ndogo ya kuonyesha mapokezi: “Nazungumza Kiswahili, naomba mkalimani.” Baadhi yenu mnaona haya kuitoa. Itoeni. Na mtoto asikubaliwe kutafsiri, hata akijua Kiingereza namna gani.

Safari ya vijana kwenda Gillespie Park haikufanyika, tulikosa magari. Hilo ni kosa la kamati na langu. Tunaomba ridhaa yenu sehemu ya akiba igharamie mafunzo ya ukalimani wa hospitali kwa wanachama wawili. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Kadi zilizobaki ziko kwa katibu, pale mlangoni.