Malalamiko: Nauli mnachukua ya Bulindo, abiria mnamwaga Kyaliwajjala

Kwa Meneja wa Safari,

Salamu mkubwa. Mimi ni abiria wenu wa kila siku, naishi Bulindo kule Kira, nje ya Kampala, na naandika kwa heshima ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo sana. Kibao cha basi kinasema Bulindo, konda anadai nauli ya Bulindo tukiwa bado mjini, sasa kwa nini giza likiingia safari inaishia Kyaliwajjala, kabla ya kufika kwetu? Taratibu zenu mnazijua, siwafundishi.

Jumanne nilikuwa natoka hospitali ya Mulago na mama yangu, ana miaka 71, goti limevimba anatembea na fimbo. Kufika Kyaliwajjala mvua inapiga, konda akagonga bodi, "Mwisho wa gari, shukeni!" Nikamwambia kaka, tumelipa mpaka Bulindo. Akasema tumebaki watu watano, hawezi kuchoma mafuta kwa watu watano. Mama akamuomba, mwanangu mguu huu haunifikishi, akajibiwa "Jjajja (bibi) shuka, unatuchelewesha," halafu mfuko wetu ukarushwa nje.

Na msiniambie magari hayatoshi. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wakijaa Namugongo magari yenu yanapita hapo hapo mpaka usiku wa manane, siku hiyo mafuta yanatoka wapi? Sisi tunaowapa hela mwaka mzima ndio wa kutupwa. Hata mwezi uliopita jirani yangu, nesi anayetoka zamu usiku, alishushwa hivyo hivyo akatembea peke yake gizani, nikapiga namba iliyoandikwa mlangoni mkasema mtashughulikia. Mmeshughulikia nini?

Nairudia ile ya mama kwa sababu najua barua hizi mnazisoma juu juu. Mfuko uliporushwa bahasha ya eksirei ilichomoka ikaangukia kwenye tope, na mama, mama mwenyewe na lile goti, akainama ameshikilia fimbo akaiokota, akaanza kuifuta kwa leso yake aliyojifunga kichwani, maji yanamtiririka usoni, na konda wenu amesimama mlangoni anatafuna mahindi ya kuchoma anamwangalia. Dereva naye anaona kwenye kioo. Hakuna aliyesema hata pole. Ile picha tuliilipia, daktari anaitaka wiki ijayo na sasa imeingia maji.

Boda wakaona mvua wakataka shilingi 7,000 kwa kila mtu, na mama hawezi kupanda boda, mguu haukunji. Tumefika nyumbani saa nne usiku, tukitembea tukipumzika.

Nilikuwa nataka mrudishe nauli tu. Lakini kadiri ninavyoandika naona haitoshi. Mrudishe nauli, mlipe eksirei mpya, basi lifike Bulindo mpaka saa nne usiku hata likiwa na abiria mmoja, na huyo konda pamoja na dereva waje nyumbani wamuombe mama msamaha ana kwa ana. Nawapa mpaka Ijumaa. Ikipita kimya napeleka barua hii Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na namba ya gari ninayo, na Jumatatu asubuhi wakazi wa Bulindo tutasimama steji, hakuna mtu atakayepanda basi lenu, tumeshakubaliana.

Ni mimi,
mtoto wa yule mama mwenye fimbo, Bulindo