Barua kwa somo wangu, kuhusu katuni na tanga langu

Somo,

Salamu za Langoni, Lamu. Kile kitabu cha katuni ulichokisahau kwenye furushi la nguo nimekisoma chote jana, barazani, umeme umekatika, simu ikinimulikia. Firestorm, toleo la 3, la mwaka 1978, kazi ya Gerry Conway. Mende wameshaanza jalada.

Ronnie Raymond ni kijana wa sekondari, Martin Stein ni profesa wa fizikia. Mlipuko wa kituo cha nyuklia ukawageuza mtu mmoja, ndiye Firestorm, kichwa kinawaka moto. Wakati wa mlipuko profesa alikuwa kazimia, kijana yu macho. Basi kijana ndiye mwenye mwili, na mzee ni sauti tu, anashauri kutoka ndani. Bibi ningemsimulia asingeshtuka. Angeuliza: kiti, yaani mwenye kupandwa, ni nani, na pepo ni nani?

Halafu anakuja Crystal Frost. Alikuwa mwanafunzi wa Stein, akampenda, profesa hakumpenda. Ajali ikamfanya mnyonya joto, mrusha barafu, na sasa ana kisasi na wanaume wote. Ronnie hakumkosea chochote. Lakini barafu haiulizi. Mwili ni mmoja. Na ubaya zaidi, mwanzoni wale wawili wakitengana, profesa hakumbuki lolote. Kijana anakumbuka yote.

Hapo ndipo nilipokufikiria, somo.

Alhamisi baada ya alasiri alikuja mtu wa Mokowe, ng'ambo ya bara. Akataja jina la babu, lote, mpaka la baba yake babu, akauliza ndiye mimi? Ndiye, nikasema, ningekana vipi? Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina alama ya kidole cha grisi juu ya hesabu: mashine ya boti, nusu haijalipwa. Saini ikaniangalia, ile yako yenye mkia kama wa samaki taa. Nikamwambia tuko wawili, jina moja. Muuza kahawa akathibitisha, lakini huku anacheka, na kicheko chake kiliniharibia kesi. Yule bwana akashuka gatini, akafungua tanga langu kwenye foromali, ule mti wa kufungia tanga, akalitia begani na kuondoka nalo. Mashua imebaki na mlingoti mtupu. Watoto wanauliza kama naifanya nguzo ya simu.

Katika zile katuni yumo pia Danton Black, aliyekuwa msaidizi wa Stein. Mlipuko ule ule ulimpa uwezo wa kujigawa akawa wengi. Huyo nilimwonea wivu: mmoja wangu angekwenda Mokowe, mwingine angebaki akavua.

Wewe uko Malindi, huna habari. Sasa unayo. Panda basi, pitia kwake ulikomboe tanga kabla sijavuka kwenda kumweleza unapolala. Kitabu ninacho mimi. Mfululizo ule ulikatwa baada ya toleo la 5, kwa hiyo ukija niletee la 4 na la 5, kama hujawakopesha watu kwa jina langu.