Kwa vijana mliochukua kitambulisho mwaka huu hapa Nairobi

Wanangu,

Hongereni. Kwa Katiba ya 2010, ukitimiza miaka 18 wewe ni mtu mzima: unapiga kura, unatia sahihi mkataba, na ukikosea unashtakiwa kama mkubwa. Sheria ilihitaji tarehe moja kwa watu wote. Mwili hauendi hivyo.

Msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Kurefuka hukoma pale gegedu, ile tishu laini iliyo karibu na ncha za mifupa, inapogeuka mfupa kamili, na wasichana hutangulia. Mtulinga, mfupa unaotoka kifuani juu hadi begani, ndio wa mwisho: ncha yake ya kifuani hushikana na mfupa wenyewe ukiwa umeshapita miaka 20.

Ubongo nao una zamu zake. Sehemu za hamu na msisimko huchangamka mapema, balehe inapoingia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kukuzuia usikurupuke, huendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu: miunganisho isiyotumika hupunguzwa, inayotumika huvishwa utando wa mafuta ili ujumbe upite haraka. Wanaowaambia kazi hiyo huisha mtu akifika 25 kamili wanawadanganya.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kijana wa miaka 16 aliyetulia hupima jambo karibu sawa na mtu mzima. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wadogo wakitazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko wakiwa peke yao. Watu wazima karibu hawakubadilika. Basi chungeni mnaamua saa ngapi, na mbele ya nani.

Mkopo wa simu usiuombe usiku, wala mkiwa mnatazama mechi na mwenzako anabeti. Andika kwenye karatasi: jumla utakayolipa pamoja na riba, tarehe ya mwisho, na pesa itatoka wapi. Lala. Asubuhi msomee mama au mjomba, mtu asiyefaidika na mkopo huo. Ukijiona unataka kumficha, usiuchukue.

Ukiombwa kumdhamini rafiki, hesabu deni lote kuwa lako kabla ya kutia sahihi. Na mkienda kujiburudisha, nauli ya kurudi itengwe, na mjue mtarudi na nani, kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa.