Kwa yule dada aliyeuliza kuhusu wito

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, meseji zenu za jana usiku nimezisoma zote, na lile swali la dada yetu "mbona mimi sina wito, nafua na kulea tu" limenikaa moyoni mpaka asubuhi. Dada hapana kabisa, Paulo mwenyewe alikuwa anashona mahema, someni Matendo 18:3, na bado alikuwa mtume akiwa kazini. Halafu kuna Brother Lawrence, yule mtawa wa Paris aliyefariki 1691, miaka mingi alikuwa jikoni tu anapika, baadaye akawa anatengeneza viatu, na kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya maombi, hilo linanigusa sana jamani.

Na neema hatuilipii, Waefeso 2:8 inasema ni kipawa, kwa hiyo hata siku umemfokea mtoto na maombi yamekushinda bado ipo. Matendo mema yako mstari wa 10, yanafuata, hayatangulii, hapa ndo wengi tunachanganya.

Wiki hii kila mtu atume voisi fupi, kazi gani ya kawaida umemwona Mungu ndani yake. Anayeona aibu aje inboksi.