Barua ya wazi kwenu mliotua mabegi

Wanangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi ambao juzi mlikuwa mkihesabu mihuri ya pasipoti, na leo mnahesabu miezi mliyokaa bila kupanda ndege, mkitangaza kwamba kukaa nyumbani ndiyo heshima mpya. Nimezisoma tambo zenu za zamani na za sasa, nikaona ni zile zile zimebadilishwa nguo. Aliyekuwa akiwacheka wenzake kwa kutofika popote, sasa anawacheka kwa kufika kila mahali. Kicheko ni kile kile. Hilo ndilo lililoniudhi mpaka nikashika kalamu, kwa hiyo mkikuta ukali humu ndani nivumilieni.

Tuelewane kwanza tulifikaje hapa. Safari ilipata heshima kwa sababu ilikuwa adimu. Katika karne za 17 na 18, vijana wa kitajiri wa Uingereza walizungushwa Ufaransa na Italia kwa miezi, wengine kwa miaka, wakiwa na mwalimu na watumishi, na waliporudi walihesabiwa wameelimika. Mwaka 1841 Thomas Cook akapakia watu wapatao 500 kwenye garimoshi kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja, na mlango ukafunguka. Mwaka 1950 watalii waliovuka mipaka duniani walikadiriwa kuwa milioni 25. Mwaka 2019 walizidi bilioni 1.4. Kitu kinachofanyika mara bilioni 1.4 kwa mwaka hakimtofautishi mtu na jirani yake, ndiyo maana mashirika ya ndege yakabuni kadi za hadhi kwa wasafiri wa mara kwa mara, za rangi ya fedha na ya dhahabu, ili watu wanaokwenda mahali pamoja kwa ndege moja wapate angalau mistari tofauti ya kupangia.

Hadhi hufuata uhaba. Maskini wa Ulaya walipokuwa wakilima juani, ngozi nyeupe pe ilikuwa alama ya ukwasi. Walipoingia viwandani, tajiri akaanza kujianika ufukweni. Sasa tazameni Venice: mji wake wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu 2022 wameshuka chini ya 50,000. Mwaka 2024 jiji likaanza kuwatoza wageni wa kutwa kiingilio katika siku za msongamano. Pale mtalii ni wa kumwaga. Aliye adimu ni mtu anayejua fundi yupi aliitengeneza ngazi ya jirani, na lini.

Kwa hiyo siwashangai mkisema kwamba kukaa ndiyo heshima mpya. Tena si mpya. Watawa wa Kibenedikto wanaapa kudumu katika monasteri moja tangu karne ya 6, na Benedikto mwenyewe, aliyewaandikia kanuni yao, aliwakemea wale waliozurura kutoka monasteri hadi monasteri wakila ugenini siku tatu, siku nne, kisha wakahama. Wahenga wetu walikuwa na dawa fupi zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ndilo ninalotaka kuwapa, maana nyinyi mmekaa siku ya tatu, ya mia tatu, na mikono bado laini.

Nianze na miti, kwa kuwa hapa ndipo mnaponikera kuliko pote. Mtu ametangaza kwamba amekita mizizi. Anapanda mche, anapigwa picha ameinama na jembe jipya, picha inasifiwa na watu wasiowahi kumwona. Kiangazi kinapoingia, mche umekuwa kijiti, na kiriba cheusi kinachungulia udongoni. Hakukivua! Alizika mche pamoja na mfuko wake, mizizi ikabanwa hadi ikafa, na sifa alikwishazipokea.

Sikilizeni jinsi mti unavyopandwa. Chimba shimo la sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina. Udongo wa juu, zile sentimita 20 za mwanzo, uweke upande wake, maana ndio wenye rutuba. Uchanganye na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba, ukiondoe chote. Mizizi iliyojiviringa chini ikate kwa kisu kikali. Ukiiacha itaendelea kuzunguka, na baada ya miaka mti unajinyonga au unalala kwa upepo wa kawaida tu. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi. Ukiifukia inaoza, ukiiacha juu mizizi inakauka. Mwagia lita 20 siku hiyo hiyo. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, la sivyo umewakaribisha mchwa na uozo. Palilia duara la mita moja. Kama mche umefungwa kwenye mti wa kuuegemeza, kamba ilegezwe, na baada ya mwaka iondolewe kabla haijazama kwenye gome.

Hayo yote ni kazi ya siku moja, na mtalii pia anaweza kuyafanya. Ukaaji unaanza kesho yake. Kiangazi cha kwanza mche unataka lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki, zimwagwe polepole zizame. Kikombe cha maji kila siku ni udanganyifu: kinalowesha juu tu, mizizi inabaki juu, na wiki moja ya jua inaimaliza. Chomeka kidole au kijiti. Kama sentimita 10 chini kuna unyevu, rudi ndani. Kiangazi cha pili, mara moja kwa wiki hutosha kwa miti mingi. Kuanzia cha tatu mingi hujitegemea. Basi mti unakudai viangazi viwili. Asiyeweza kuahidi viangazi viwili asishike jembe, amshikie ndoo anayeweza.

Na msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Mnazijua zile sherehe za kupanda miche elfu kwa siku moja, wakubwa wamevaa fulana za sare. Fanyeni hesabu: miche 1,000 kwa lita 20 mara mbili kwa wiki ni lita 40,000 kila wiki. Bajeti ya miche ipo, ya fulana ipo, ya maji hakuna, na wala hakuna jina la mtu aliyekabidhiwa ndoo. Mwaka unaofuata wanarudi kuchimba mashimo yale yale. Jamii inayolipa kwa ajili ya tukio na kukataa kulipa kwa ajili ya utunzaji ndiyo iliyowalea, kwa hiyo lawama nyingine naichukua kwa niaba ya rika langu.

Mvua nayo ina elimu yake. Chukua chombo chenye kuta zilizonyooka tangu chini hadi juu (chenye kupanuka mdomoni kitakudanganya), kiweke mahali pa wazi, mbali na kizuizi kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Soma kila asubuhi saa tatu, andika, mwaga. Ukichelewa jua litakunywea sehemu ya maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 limepokea lita 2,000, ukitoa zinazopotea njiani. Hapo unajua ukubwa wa tangi bila kumuuliza muuzaji wa matangi. Wataalamu wa hali ya hewa huchukua miaka 30 kupata wastani wa mahali. Miaka 30! Nyinyi mna miezi kumi na mnatoa mihadhara kuhusu kuisikiliza ardhi.

Ukuta ukipata ufa, chora mstari wa penseli penye ncha zake mbili, andika tarehe, pima upana kila mwezi. Ufa wa chini ya milimita moja usiosogea kwa kawaida ni wa lipu. Unaokua, au uliopita milimita 5, mwite mhandisi. Aliyepo wiki moja huona ufa tu. Aliyepo mwaka mzima anajua kama nyumba inatembea.

Majirani: majina ya nyumba kumi zinazokuzunguka, nani anaishi peke yake, nani ana mgonjwa, koki kuu ya maji iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani, ufunguo wa akiba uko kwa nani. Kama huyajui haya, wewe bado mgeni, hata kama una hati ya nyumba.

Njia moja, ipite kwa miguu wiki hadi wiki, saa ile ile. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, Tanzania, Julai 1960, na ilimchukua takriban miezi minne kuona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa. Vita kati ya makundi ya sokwe wale vilianza mwaka 1974. Aliyekuja kwa siku tatu na kamera nzuri asingeona hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kisha kuna vikao, ambavyo wengi wenu mnavikwepa kwa sababu havina mandhari. Chama cha mtaa, kamati ya maji, bodi ya jengo, jina lolote. Mkaaji mpya aende vikao vitatu akisikiliza bila kuomba uenyekiti. Halafu ajitolee kazi isiyogombewa, ambayo karibu kila mahali ni ukatibu. Muhtasari unaofaa una tarehe, waliohudhuria, kilichoamuliwa, nani atakifanya, na kabla ya siku gani. Usomwe mwanzoni mwa kikao kinachofuata, kila aliyepewa kazi ajibu. Fedha ziwe na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Fedha taslimu zisilale nyumbani kwa mweka hazina. Mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi mitatu, na stakabadhi ziwe mezani. Yanapoharibika, mara nyingi chanzo hakikuwa wizi. Akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali, haikutimia mara mbili, watu watano wakachoka, wawili wakaanza kuamua kila kitu, na mwisho hata wizi ukitokea hakuna wa kuuona. Akidi ni watu waliokuwepo. Hiyo ndiyo kazi ya mkaaji ambayo hakuna atakayeipiga picha.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Mnapoigeuza hali ya kukaa kuwa pambo, mnawasahau watu wa aina mbili. Wa kwanza ni waliokaa kwa sababu walizuiwa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2018 ni kama asilimia 11 tu ya watu duniani waliosafiri kwa ndege. Walio wengi hawakuamua kuacha safari. Nauli haikuwepo, au viza ilikataliwa na ada isirudishwe. Ukimwambia mtu huyo kwamba kubaki nyumbani ndio ustaarabu, umemtukana kwa sauti ya upole. Yeye alikuwa akimwagilia miti wakati wewe ukibadilisha viwanja vya ndege, na hakuna aliyemwita mfano wa kuigwa.

Wa pili ni wanaotaka kukaa na hawaachiwi. Mwishoni mwa 2024 waliofukuzwa makwao na vita na mateso walizidi milioni 120. Na wako wapangaji wanaohamishwa kila mkataba unapokwisha kwa sababu mwenye nyumba amegundua kwamba mgeni wa wiki analipa zaidi. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba ifikapo 2028 haitahuisha leseni za nyumba za watalii zipatazo 10,000. Kama litatekelezwa sawasawa tutaona, lakini angalau mji umekiri kwamba mkazi naye anahitaji kulindwa. Mpangaji wa mkataba wa miezi sita huwezi kumdai viangazi viwili vya maji. Mkitaka kukaa kuwe heshima kweli, pazeni sauti kuhusu urefu wa mikataba na notisi za kuhama kuliko mnavyopaza kuhusu bustani zenu.

Simkatazi mtu safari. Nenda kazini, nenda matibabu, nenda ukasome, nenda ukamzike wa kwako, nenda hata kwa furaha. Tena ukifika, kaa mahali pamoja muda mrefu kuliko kuruka miji mitano kwa siku saba. Ila kabla hujaondoka, mwachie jirani ufunguo, umwonyeshe koki kuu, umwandikie kwenye karatasi lita ngapi na siku zipi, na umwonyeshe namna ya kusoma kile chombo cha mvua. Daftari la muhtasari likabidhi mkononi kwa mtu kabla ya siku ya kikao, usilitafute kwa simu ukiwa uwanja wa ndege. Ukirudi, picha zisubiri. Pitia kwanza kwa aliyekumwagilia, umuulize naye anasafiri lini, na siku zake uziandike.

Ni mimi mzee wenu.