YAH: LESENI YA PROGRAMU YA KUCHORA CHIPU MLIYOIFUNGA, NA DHARAU YA AFISA WENU

Shangani,
Mtwara.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa kwenu sikuipata. Leseni niliyoilipia mmeifunga kwa kuwa nilibadilisha madabodi, bodi kuu ya kompyuta ambayo leseni imefungamana nayo, baada ya umeme kuunguza ile ya mwanzo. Masharti ya kuhamisha leseni mnayajua, mmeyaandika wenyewe.

Nilipopiga simu, afisa wenu alinisikiliza nusu, akauliza niko wapi. Mtwara, nikamjibu. Akacheka. "Huko Mtwara mnachora chipu au mnabangua korosho?"

Ndiyo, tunabangua, na chipu yenyewe ni ya kupima unyevu wa korosho ghafi kabla hazijaingia ghalani! Transista zimepangwa moja moja, metali tabaka juu ya tabaka, na kazi yote imo kwenye faili linalofunguka kwa programu yenu tu. Hata kutoa GDSII, faili ambalo viwanda vya chipu hulipokea, kunadai leseni hiyo hiyo. Magic, programu nyingine ya kuchora chipu iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, ni ya bure. Hukagua kanuni za kiwanda papo hapo unapochora, na GDSII inatoa bila kuomba ruhusa ya mtu. Ninyi tumewalipa, mkatufungia kazi yetu. Na kabla ya simu ile niliwatumia barua pepe pamoja na risiti. Kimya.

Nafasi yetu kwenye kaki ya silikoni, kisahani kinachotengenezewa chipu nyingi kwa pamoja, tunayochangia gharama na wabunifu wengine inafungwa mwezi huu.

Narudia, mnielewe. Simu ilikuwa kwenye spika, wanafunzi wangu wameizunguka meza. Mteja aliyelipa anaeleza shida yake, anaulizwa alipo, anataja Mtwara, anachekwa. Binti aliyechora amplifaya ya chipu hiyo aliinamisha kichwa. "Mnabangua korosho?" Mbele ya watoto wa watu!

Nilikusudia kuomba leseni ihamishwe, basi. Sasa nataka ihamishwe ndani ya siku 3, mnirudishie fedha za muda wote mlioifunga, na afisa huyo awaombe radhi wanafunzi wangu kwa maandishi, kwa jina lake. Mkinyamaza tena, nalipeleka suala hili Tume ya Ushindani na risiti zote, na kila chuo cha ufundi ninachokifahamu Kusini nitakishauri kitumie Magic na KLayout, programu nyingine ya bure.

Nijibuni kwa barua. Simu zenu sizitaki tena.

Mteja wenu,
Mwalimu wa elektroniki, Mtwara