Risala ya Wahitimu wa Uchapaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunahitimu leo tukiwa mafundi wa ofseti, yaani uchapaji wa kutumia mashine na pleti, na tunaomba utusikilize juu ya kitu kimoja tu: pleti, bamba jembamba linalobeba picha ya kuchapwa.

Tangu Alois Senefelder alipobuni uchapaji wa mawe mwaka 1796, kazi hii inategemea ukweli kwamba mafuta na maji hayachangamani. Penye picha pleti hushika wino, pasipo picha hushika maji. Sisi tumejifunza kwa pleti za alumini zenye utando unaoathiriwa na mwanga. Ukishazimulika kupitia filamu yenye picha, unazitia katika dawa kali ya alkali ili iondoe utando usiotakiwa. Mwenzetu mmoja glavu yake ilitoboka bila yeye kujua. Hakusikia maumivu, alisikia vidole vinateleza kama vimepakwa sabuni. Na kweli ilikuwa sabuni, mheshimiwa, kwani dawa ile ilikuwa inageuza mafuta ya ngozi yake. Tulimwosha kwa maji mengi, akapona. Dawa yenyewe huanza ikiwa angavu, kisha hugeuka buluu nzito kwa utando ulioyeyuka, na haifai kabisa kumwagwa mtaroni.

Ipo njia nyingine. Ni utando wa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, unaoathiriwa na joto. Leza ya infraredi, aghalabu ya nanomita 830, hupita juu ya pleti ikiongozwa na kompyuta, na rangi maalumu iliyomo kwenye utando hunyonya miale hiyo na kuigeuza joto. Katika aina iliyotuvutia zaidi, utando ni chembechembe za polima zilizokaa bega kwa bega. Zikipata joto hulainika, zikaungana na kung'ang'ania alumini. Hapo ndipo wino hushika. Zisizoguswa na leza hubaki legelege, na mashine ya kuchapia huziondoa yenyewe kwa maji na wino wake, zikatoka na karatasi za mwanzo ambazo hutupwa hata hivyo. Hakuna filamu, hakuna trei ya dawa, hakuna maji ya kusuuzia.

Kasoro zipo. Picha huonekana kwa shida kabla ya kuchapa, utando hukwaruzika upesi, na kwa kazi za nakala nyingi mno pleti zilizookwa kwenye tanuri bado hudumu zaidi. Kwa kazi nyingi za kawaida, sisi tungechagua hizi bila kusita.

Ombi letu ni mashine ya leza ya kutengenezea pleti hizo. Wakati tunaisubiri, tunaomba glavu nzima, miwani ya kinga, na mapipa ya kukusanyia dawa iliyotumika ili ikabidhiwe kwa wenye uwezo wa kuisafisha. Wadogo zetu wanaingia karakana ileile muhula ujao.

Chumba cha pleti kiko nyuma ya ukumbi huu. Tunaomba ukipitie kabla hujaondoka. Mwenzetu yule ndiye atakayekuonyesha trei.